Mgambo, JKT au ulinzi shirikishi: kijana ajiunge wapi?

Tangazo la mafunzo ya mgambo likibandikwa kwenye ofisi ya mtendaji wa kata, mabishano huhamia sebuleni. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpa pa kwenda, na nyumbani anaonekana amekaa tu. Baba anasema aende mgambo, ni karibu na jioni atakuwa anarudi kula kwao. Mjomba anapiga simu kutoka mjini: asikubali, asubiri nafasi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwenyekiti wa mtaa naye anatafuta vijana wa doria za usiku, na anataka majina kabla ya wiki kwisha.

Nimeulizwa swali hili mara nyingi, kwa kuwa mimi nilipitia mgambo na mdogo wangu wa kike alikwenda JKT kwa kujitolea. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tukibishana nani alichagua vizuri, mpaka siku moja mama akatukatiza: "Wewe ulikuwa na mke na shamba, mwenzako alikuwa na begi moja. Mnalinganisha nini?" Tangu hapo, mtu akiniuliza, huanza kwa kumuuliza yeye: unamwacha nani nyumbani, na unaweza kuondoka kwa muda gani?

Ninachoandika hapa kinahusu Tanzania Bara. Unguja na Pemba kuna vikosi vyao, ikiwemo Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU) lililoanzishwa mwaka 1977 na Kikosi cha Valantia, vyenye sheria na taratibu zake, na haitakuwa haki kuvichanganya humu.

Vipimo

Nitavipima vyote vitatu kwa mambo sita: kilikotokea, muda na mahali, mfuko, mafunzo, mamlaka unayopewa, na kinachofuata baada ya kumaliza. Historia nimeitanguliza kwa sababu kazi ya kikosi chochote hufuata shida iliyokizaa, na anayeijua hawezi kukidai kitu ambacho hakikuundwa kukitoa. Suala la ajira nimeliweka mwisho. Najua vijana wengi hulianza hilo, na nimeona linavyowaumiza.

Tuelewane pia kuhusu majina. Nikisema mgambo nina maana ya wananchi waliopitia mafunzo ya Jeshi la Akiba katika wilaya zao. Nikisema JKT nazungumzia vijana wa kujitolea. Wale wa mujibu wa sheria, wanaopangiwa makambi baada ya kidato cha sita, hawana cha kuchagua. Ulinzi shirikishi nimeufanya kapu la polisi jamii, doria za mtaa na sungusungu. Na msomaji asichanganywe na kambi ya Mgambo iliyoko mkoani Tanga: jina ni hilo, lakini ni kambi ya JKT.

Vilikotokea

JKT ndiyo kongwe kati ya hivi vitatu. Ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, Tanganyika ikiwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Wazo lilikuwa kuwakutanisha vijana wa kila kabila na kila dini katika bweni moja, wafyeke pamoja, walime pamoja, wajenge barabara na shule, na wakirudi kwao wawe wamejifunza kuwa taifa moja. Washauri kutoka Israeli walisaidia kuliweka jeshi hilo kwenye msingi.

Miezi sita baadaye, Januari 1964, askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Mwalimu Nyerere alilazimika kuwaita Waingereza kuwanyang'anya silaha, jambo lililomuuma kiongozi wa nchi iliyojikomboa juzi tu. Jeshi lile likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilipozaliwa tarehe 1 Septemba 1964, waandikishwa walitafutwa miongoni mwa vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na wale waliokuwa JKT. Kuanzia hapo likaota mizizi wazo kwamba mwenye bunduki lazima atoke kwa wananchi na arudi kwa wananchi.

Haikuwa safari laini. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga kulazimishwa kwenda JKT, na karibu 400 wakarudishwa makwao. Siku hiyo hiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mafunzo ya lazima yaliendelea mpaka 1994, yaliposimamishwa kwa ukosefu wa fedha, yakarejeshwa 2013, na baadhi ya wabunge wakaingia kambini kuonyesha mfano.

Mgambo ulitokana na hofu ya aina nyingine. Novemba 1970 Wareno walivamia Guinea kwa njia ya bahari. Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote wa Uganda, jirani yetu kabisa. TANU ikajiuliza nchi changa inajilinda vipi ikiwa jeshi lake ni dogo na linaweza kuzidiwa au kugeuzwa. Jibu liliandikwa katika Mwongozo wa TANU wa Februari 1971: ulinzi uwe wa umma, na wananchi wafunzwe. Wafanyakazi wakapiga kwata viwandani na maofisini, wakulima vijijini. Kwa watu wa Mtwara na Ruvuma halikuwa jambo la nadharia, kwa sababu vita ya ukombozi wa Msumbiji ilikuwa inawarukia kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma.

Kisha ikaja Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia na kutwaa eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba zipatazo 1,800, wakaliharibu daraja la Kyaka na kutangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu aliliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Jeshi likatanuka haraka kupita watu 150,000, na karibu 40,000 kati yao walikuwa wanamgambo. Walikuwa wakulima, makarani, mafundi seremala, makondakta wa mabasi, watu waliojifunza kushika silaha kwenye kiwanja cha shule ya msingi, wakakuta wanavuka Mutukula kwa miguu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Waliobaki hai wengi walirudi kwenye majembe yao. Wengine wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Ninaandika haya kwa kirefu kwa sababu kijana wa leo akisikia neno mgambo huwaza tu mtu anayebeba meza ya mama lishe na kuitupa kwenye gari, na wale wazee wanastahili kukumbukwa kwa walichokifanya.

Ulinzi wa jadi nao ulizaliwa na yaliyofuata. Baada ya vita nchi ilikuwa imechoka, bidhaa hazipo, silaha zimezagaa, wezi wa ng'ombe wanatamba Usukumani na Unyamwezini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuanzia maeneo ya Kahama, wanakijiji wakajipanga wenyewe kwa upinde, mshale na filimbi. Hao ndio sungusungu. Serikali iliwatazama kwa mashaka na matumaini kwa pamoja, na mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yakawaingiza rasmi kwenye mfumo. Mijini, sura ya sasa ilianza 2006, Mkuu wa Jeshi la Polisi (IGP) Said Mwema alipoanzisha mpango wa polisi jamii, mtaa na polisi wakae meza moja.

Muda na mahali

Mafunzo ya mgambo huchukua miezi kadhaa, mara nyingi kama minne, ndani ya wilaya yako, na mara nyingi kwenye kata yako. Asubuhi na mapema unakimbia mchakamchaka, unapiga kwata, unapata somo, unarudi nyumbani. Mtu mwenye mke, mume, mtoto au bustani ya kumwagilia anaweza kuyamudu, ingawa atachoka. Ukishamaliza unabaki kuwa askari wa akiba, unaendelea na maisha yako, na unaitwa panapotokea kazi.

JKT ya kujitolea ni mkataba wa miaka miwili, na unakopelekwa hukuchagui wewe. Mtoto wa Lindi anaweza kupangiwa Bulombora, Kigoma; wa Mwanza akajikuta Mlale, Songea; wa Dar es Salaam akapelekwa Mafinga, ambako baridi ya Juni ni somo la kwanza. Kila kundi huingia kwa jina la operesheni yake, na miaka ishirini baadaye utawasikia watu wazima wakisalimiana kwa jina hilo. Simu haiko mkononi mwako, ratiba si yako, na maisha ya kambi hayana nafasi ya mume, mke wala mtoto mchanga.

Ulinzi shirikishi ni zamu ya usiku katika mtaa wako, labda mara mbili au tatu kwa wiki, kadiri mlivyopangana. Hauna mwisho wa mkataba. Ndilo jema lake na ndilo linalowachosha watu, kwa sababu vijana wanne wenye moyo huishia kubeba zamu za mtaa mzima.

Mfuko

JKT inamlisha kijana, inamlaza, inampa sare na posho ndogo. Kabla ya kwenda anatakiwa ajitafutie vitu kadhaa: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, fulana ya kijani isiyo na maandishi, raba, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, na nguo za baridi kwa waliopangiwa nyanda za juu. Nafasi zenyewe haziuzwi. Maombi hupitia ofisi za wakuu wa mikoa na wilaya, na yeyote anayekupigia simu akidai ana nafasi ya kukuuzia ni tapeli, hata akijitambulisha kwa cheo kikubwa. Naomba wazazi mlisikie hili. Nimeona ng'ombe akiuzwa kwa simu ya namna hiyo.

Mgambo huonekana wa bure, lakini gharama zake zimejificha. Mara nyingi sare na buti unanunua mwenyewe, chakula ni cha kwako, na kwa miezi minne asubuhi zako hazizalishi kitu. Anayeishi kwa kibarua cha siku ajipange. Katika kundi letu walioacha njiani hawakushindwa mbio wala kwata. Walishindwa kuacha kibarua watoto wakiwa hawajala.

Kwenye ulinzi shirikishi kila kaya huchangia kitu, na vijana wa doria hugawana kidogo kinachopatikana. Ugomvi karibu wote wa mitaani unaanzia hapo: nani alichanga, nani alikula. Kabla ya kukubali zamu, omba daftari la michango lisomwe hadharani kwenye mkutano wa mtaa. Likikataliwa kusomwa, jibu unalo.

Mafunzo

Wakufunzi wa mgambo ni askari wa JWTZ walio chini ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Unajifunza kwata, matumizi ya silaha, usomaji wa ramani, mbinu za kivita, huduma ya kwanza. Polisi huja kufundisha sheria na ukamataji, Zimamoto, Uhamiaji na TAKUKURU nao huja na masomo yao. Siku ya kufunga, mkuu wa wilaya anakagua gwaride na wazazi wanapiga vigelegele. Kwa miezi minne ni mengi. Ila ni ya kijuujuu, na asiyeyarudia hupoteza nusu yake ndani ya mwaka.

JKT huanza na ukuruta, miezi ya kwanza ya jasho na sauti ya afande. Baada ya hapo inakuja sehemu ambayo watu wa nje hawaisimulii: stadi za kazi. Kilimo, ufugaji, ujenzi, ushonaji, ufundi wa aina mbalimbali. Shirika lake la uzalishaji mali, SUMAJKT, lipo tangu 1981, na majengo mengi ya umma nchini yamepita mikononi mwake. Ukuta wa kilomita 24.5 unaozunguka machimbo ya tanzanaiti ya Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, una jasho la vijana hao. Mdogo wangu alirudi anajua kufuga kuku kwa hesabu, chanjo kwa tarehe, chakula kwa kilo. Anaishi kwa hilo mpaka leo, na hajawahi kuvaa kombati tena.

Ulinzi shirikishi hauna darasa la kueleweka. Mnapata semina ya siku moja au mbili kutoka kwa polisi wa kata, mkibahatika. Mengine ni ujuzi wa kukaa mahali: kujua mbwa wa nani hubweka bure na wa nani akibweka kuna jambo.

Mamlaka

Hapa ndipo ningependa kila kijana asome mara mbili.

Kijana wa JKT hana mamlaka juu ya raia. Yuko chini ya amri ya kambi, kosa lake linaishia kwa kamanda wake, na hatakutana na jirani yake akiwa amevaa sare. Kwa mtu wa miaka kumi na tisa huo ni ulinzi, maana anajifunza nidhamu kabla ya kupewa nguvu juu ya mtu yeyote.

Mwanamgambo yuko katika hali tofauti kabisa. Sheria inampa, akiwa kazini, uwezo wa kukamata unaokaribia ule wa askari polisi. Atapeleka wito wa baraza la kata, atasimama kwenye mnada na geti la ushuru wa mazao, atalinda kituo cha kupigia kura, atasindikiza mtuhumiwa mpaka kituoni. Mijini ataajiriwa na halmashauri kwa muda na kuambiwa aondoe wafanyabiashara barabarani. Amri inatoka ofisini, lakini uso unaoonekana ni wake. Machinga aliyemwagiwa nyanya hamkumbuki aliyesaini barua. Rais Magufuli alipotoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo Desemba 2018, kwa Sh20,000 kimoja, wengi walipumua kwa sababu hiyo, na wanamgambo nao walipumua. Hakuna anayefurahia kukimbizana na shangazi yake sokoni.

Nimewahi kuwa kwenye operesheni ya namna hiyo, katika halmashauri ambayo sitaitaja, na mpaka leo kuna mama mmoja simwangalii usoni. Hakuna aliyetuagiza kumwaga uji wake. Hakuna pia aliyetuzuia. Kwa hiyo anayeniuliza kuhusu mgambo namwambia ajue mapema atasema nini siku akiagizwa jambo baya, kwa sababu siku hiyo hakuna muda wa kufikiri. Sheria inayompa uwezo wa kukamata haimpi ruhusa ya kupiga wala kuchukua mali ya mtu bila utaratibu, na akishtakiwa atasimama kizimbani peke yake.

Mlinzi wa doria ya mtaa yeye ana uwezo wa raia wa kawaida tu: anaweza kumkamata anayemwona akitenda kosa la jinai, kisha sharti amkabidhi polisi bila kuchelewa. Asimfungie kwenye ofisi ya mtaa mpaka asubuhi. Asimhoji kwa fimbo. Historia ya sungusungu ina sifa ya kurudisha ng'ombe na kutuliza vijiji, na ina pia makaburi ya watu waliohukumiwa usiku mmoja, wakiwemo vikongwe waliosingiziwa uchawi. Anayeingia huku aingie akiwa na namba ya simu ya polisi kata na uthubutu wa kuwaambia wenzake waache.

Kinachofuata

Hakuna hata kimoja kati ya hivi vitatu kilicho ajira. JKT yenyewe huandika hivyo kwenye matangazo yake, mwaka baada ya mwaka: haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira kwenye vyombo vya ulinzi au kwingineko, inampa mafunzo ya kujitegemea. Watu husoma sentensi hiyo na kuiruka.

Aprili 2021 kuruka huko kulionekana mbele ya nchi nzima. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kuwa vijana 854 wamesitishiwa mikataba na kurudishwa makwao baada ya kugoma wakidai kuandikishwa jeshini, wakiamini waliahidiwa kwa kazi za ujenzi walizozifanya. Walikuwa wamebeba mawe na zege, na walikuwa na matumaini ya kweli. Siwacheki hata kidogo. Yaliyowapata yanaonyesha tu jinsi tumaini linavyoweza kukua kuliko mkataba.

Hata hivyo ukweli una upande wa pili. JWTZ inapotangaza nafasi, kwa kawaida humtaka mwombaji awe na cheti cha JKT, awe alikwenda kwa mujibu wa sheria au kwa kujitolea, na vyeti vya mgambo haviwezi kuchukua nafasi hiyo. Anayeota kuwa askari wa jeshi la wananchi, njia yake inapita JKT. Kampuni za ulinzi, ile ya SUMAJKT ikiwemo, nazo huwatazama kwa jicho zuri waliopitia huko.

Kwa mgambo milango ni midogo lakini iko karibu: ulinzi kwenye kampuni binafsi, shule, benki, zahanati, maghala ya mazao, kazi za muda za halmashauri, ulinzi wa misitu na vyanzo vya maji. Kwenye hafla za kufunga mafunzo wakuu wa wilaya huwaomba waajiri wawape kipaumbele wahitimu. Wengine husikia ombi hilo, wengine hapana. Mishahara ya walinzi ni midogo na zamu ni ndefu, kijana alijue hilo kabla ya kushona sare.

Ulinzi shirikishi haukupeleki popote kwa cheti. Unakujengea jina. Nimeona vijana watatu wa doria wakichaguliwa wajumbe wa serikali ya mtaa, na mmoja akakabidhiwa ulinzi wa kiwanda kidogo cha kukoboa mpunga kwa sababu tajiri alikuwa anamwona kila usiku akipita na tochi.

Kwa hali yako

Umemaliza shule karibuni, huna mtoto, huna mtaji, na kijijini hakuna kinachokushika: omba JKT. Nenda ukiwa umeshaamua ni ufundi gani utaung'ang'ania, uombe upangiwe huko kila nafasi inapojitokeza. Miaka miwili ikiisha, uwe na kitu mikononi hata kama jeshi halikukuchukua. Matangazo ya JKT huweka kikomo cha umri kwa kila kiwango cha elimu, na aliyeishia darasa la saba au kidato cha nne ana kikomo cha chini zaidi, kwa hiyo usijiambie utaomba mwakani.

Unataka hasa kuwa mwanajeshi: JKT pia, na usipoteze miezi minne ya mgambo ukidhani ni njia ya mkato. Ukikosa mwaka huu, fanya mazoezi, tunza vyeti vyako, epuka kesi.

Una familia, shamba au duka, na umri wa JKT umekupita: mgambo umewekwa kwa ajili ya watu kama wewe. Weka akiba ya chakula cha miezi minne kabla ya kuanza, zungumza na mwenza wako kuhusu asubuhi zitakazokosekana, na umuulize Mshauri wa Mgambo sare ni kiasi gani. Ukishafuzu, ukipewa kazi za halmashauri, omba maagizo kwa maandishi.

Binti anayesita kwa sababu ya maneno ya watu: kote kuwili wanawake wanapokelewa na wanafuzu. Mwenye mtoto anayenyonya, mgambo utambana, na JKT haiwezekani. Asubiri mtoto akue, kisha aende mgambo.

Una kazi ya mchana unayoipenda, na kinachokusumbua ni kwamba mtaa wenu umeibiwa mara nne mwezi huu: jiunge na ulinzi shirikishi, zamu moja kwa wiki. Waombe polisi wa kata wawape semina kabla ya usiku wa kwanza. Nunueni filimbi na tochi nzuri.

Una hasira za haraka, na unajijua: anzia JKT kama umri unaruhusu, kwa sababu huko utatii kabla ya kuamuru. Kama umri umepita, chukua zamu za doria ukiwa pamoja na wazee kwa mwaka mmoja, ndipo ufikirie mgambo.

Na mzazi unayesoma kwa niaba ya kijana asiyetaka kokote: usimsukume kwenye mgambo ili tu atoke nyumbani. Atafuzu, atapewa kirungu, na siku moja atasimama mbele ya kibanda cha mtu mwingine mwenye watoto. Muulize kwanza anataka nini, hata ikichukua jioni tatu.